Kilio cha Mlangoni

Mtaani walimwita Dada Redio, ingawa redio yenyewe ilikuwa imemwachisha kazi miaka tisa nyuma. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akisoma matangazo ya vifo kila siku saa saba mchana, sauti imenyooka, majina ya marehemu moja baada ya jingine, bila kukosea na bila kutetereka. Kituo kilipopata wenye sauti changa, kilimshukuru kwa barua ya mistari minne. Ndipo akaingia kwenye kazi ya kutia sauti filamu za kigeni.

Studio ilikuwa juu ya duka la vipuri vya magari. Kutani walikuwa wamebandika magodoro chakavu ili kelele za nyundo zisipenye, na bado zilipenya. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kijichumba cha mbao chenye dirisha la kioo, kipaza sauti kimoja, kiti kisicho na mgongo, na joto la tanuri, kwa sababu feni ikiwashwa ilisikika kuliko waigizaji. Nje ya kioo alikaa fundi sauti, mtu mpole asiye na maneno mengi. Sauti zote za wanaume zilikuwa za mzee mmoja mstaafu wa reli waliyemwita Besi. Za wanawake na watoto zilikuwa za Dada Redio. Kwa siku moja aliweza kuwa malkia, yaya, na mapacha wawili wanaogombania kitanda.

Mwenye studio alianza maisha kwa kupiga video za harusi. Walimwita Bosi, kwanza kwa utani, kisha jina likamkaa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akisikia una mgonjwa atakuuliza hali yake, na kesho yake atakuuliza tena. Ila kazi ikishafika mahali fulani alikuwa kama mtu aliyeshika gurudumu kwenye mteremko: humwambii kitu.

Na mgonjwa Dada Redio alikuwa naye. Mama yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule tatu kwa miaka thelathini, alikuwa amepata kiharusi kidogo, akapona mkono na mguu, lakini kichwa kikaanza kuvuja. Kwanza alisahau miwani, kisha majirani, kisha njia ya chooni. Siku nyingine alimwita bintiye kwa jina. Siku nyingine alimpima mabega kwa futikamba na kumwambia nguo yake itakuwa tayari Ijumaa. Dada Redio hakuwahi kuolewa. Aliishi na mama huyo na kaka yake mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, mjane, mtu ambaye akikasirika haongei kabisa. Walipokezana zamu za kumwangalia mama kama watu wanaopokezana jembe.

Jumatatu moja Bosi alileta filamu ya Kikorea. Ilikuwa ya mazombi, na si wale mazombi wa zamani wanaotembea kama wamelewa. Hawa walikimbia. Walikimbia wakiangukiana, viungo vikialika kama kuni kavu, wala hakuna aliyesimama kuvuta pumzi. Kisa kilikuwa cha binti mmoja aliyekwenda kumhamisha mama yake kwenye jengo la ghorofa ishirini, ampeleke kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wanagombana juu ya masufuria: yapi yaende, yapi yabaki. Wakiwa bado wanagombana, mlinzi wa getini anapuliza filimbi, na filimbi inakatika katikati. Lifti inakufa. Kuanzia hapo ni ngazi tu, ghorofa baada ya ghorofa, hadi juu ya paa ambako helikopta inachukua watu.

Sheria ya filamu hiyo ilikuwa moja. Aliyeng’atwa hageuki papo hapo. Anaanza kwa kusahau. Yanamtoka majina, kisha sura, mwisho anabaki na njaa peke yake.

Dada Redio hakujua Kikorea hata salamu. Alisoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, akaigeuza iwe maneno ambayo mtu mwenye ulimi angeyasema. Siku ile aliitazama filamu nzima peke yake, na ilipokwisha alibaki amekaa na vipokea sauti masikioni, ingawa hakukuwa na kitu cha kusikia.

Kesho yake walikaa kikao. Besi alikuwa ameshaandaa vichekesho, maana ndivyo watazamaji walivyozoea: zombi likitokea, msimuliaji anasema hili limekosa chai ya asubuhi, watu wanacheka. Bosi naye alitaka kukata dakika kumi za mwanzo. Alisema watu wawili wanabishana sufuria muda wote huo na hata mmoja hajaliwa.

“Ukizikata hizo,” Dada Redio akamwambia, “huko mbele atakayeng’atwa ni mtu baki. Nani anamlilia mtu baki?”

Halafu, yeye ambaye kwa kawaida hakuwa na maneno mengi ofisini, akaongea. Akasema kinachotisha pale si meno. Ni kwamba lile zombi la kwanza bado lina filimbi shingoni, na lile la ghorofa ya tatu bado limevaa aproni yenye unga, na wote wawili jana walikuwa wanasalimiana na huyu mama. Akawaambia wamwangalie mwenyekiti wa jengo, yule anayefunga mlango wa ghorofa ya tisa na kuwaacha wenzake nje. Watu watamchukia huyo kuliko mazombi yote, kwa sababu hakuna ambaye hajawahi kupanga nyumba jirani na mtu wa namna hiyo. Na zile mbio, akasema, hazikuwekwa kwa ajili ya kushtua tu. Mwanamke anampoteza mumewe ghorofa ya saba na hapati hata nafasi ya kupiga magoti, lazima akimbilie ya nane. Hivyo machozi ya watu wote yanajaa humo ndani kama maji kwenye tangi, hayana pa kutokea, mpaka binti anapofika juu, kwenye ule mlango wa chuma.

“Hapo ndipo bomba linafunguka,” akasema. “Ukitia kichekesho hata kimoja njiani, tangi linavuja.”

Besi akakunja karatasi yake ya vichekesho akaitia mfukoni, amenuna. Bosi akakuna kidevu. Akasema haya, dakika kumi zibaki, vichekesho vitoke, lakini watu walie kweli.

Walianza kurekodi. Dada Redio alikuwa binti na alikuwa mama, na kwa yule mama alimpa maneno ya nyumbani kwake. Yule mzee wa Kikorea akawa anasema “usinisukume, mimi si mkokoteni”, akawa anamwita mwanawe “we mwanamke”, akawa anafyonya kabla ya kukubali jambo. Fundi sauti, ambaye hucheka mara moja kwa mwezi, alicheka hadi akasimamisha mashine. Akauliza bibi huyu kamtoa wapi. Dada Redio akajibu kwamba yuko nyumbani, anatafuta miwani aliyoivaa.

Tatizo lilikuwa ule mlango. Kwenye filamu, mama anang’atwa ghorofa ya kumi na nne na kumficha mwanawe. Kisha kwenye kila kituo cha ngazi anamwambia amuulize: jina langu nani, jina lako nani, baba yako alifanya kazi gani. Ghorofa ya kumi na tisa anakosa jina la mwanawe. Wanapofika juu anamsukuma binti nje, anavuta mlango wa chuma, anaushikilia kwa ndani kwa nguvu zote zilizobaki. Binti anaupiga kwa ngumi na kulia karibu dakika nzima.

Kilio hicho Dada Redio alikijaribu siku mbili. Kilitoka kizuri, chenye mpangilio, kinapanda na kushuka mahali pake. Bosi alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akatikisa kichwa.

“Unalia kama unasoma tangazo,” akasema.

Dada Redio alikasirika, lakini alijua ni kweli. Miaka kumi na miwili alikuwa amefundishwa kutaja vifo vya watu bila sauti kukatika, na sasa sauti ilikuwa imejifunza kupita kiasi.

Siku ya Alhamisi ilikuwa lazima wamalize. Studio nyingine upande wa pili wa mji ilikuwa na filamu ileile, na atakayetangulia ndiye atakayetazamwa. Asubuhi hiyo kaka yake alimwomba abaki na mama, kwa sababu yeye ameitwa kuchomelea geti la mteja anayesafiri mchana. Dada Redio akakataa. Akasema leo ni siku ya mwisho, kesho atashika zamu mbili. Wakakubaliana kwamba jirani wa mlango wa pili atakuwa anachungulia kila baada ya muda. Kaka yake hakuridhika. Alichukua kofia yake ya kuchomelea akatoka bila kuaga.

Yeye akamnywesha mama uji, akamfunga kanga vizuri, akachuchumaa mbele yake ili waonane.

“Nisubiri hapa, mama. Saa nane nimesharudi.”

Mama akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja. “Wewe njoo tu,” akasema. “Utaikuta tayari.”

Studioni simu zote za mkononi zilizimwa na kuwekwa kwenye droo, kama kawaida. Walifanya ghorofa za kumi na tano hadi kumi na tisa bila kupumzika. Kwenye saa sita kasoro wakafika mlangoni. Dada Redio alijaribu mara moja, Bosi akakataa kwa kidole nyuma ya kioo. Akajaribu mara ya pili. Alipokuwa anasubiri picha irudishwe nyuma mara ya tatu, mlango wa kijichumba ukafunguliwa. Bosi aliingia. Hakuwa na desturi ya kuingia mle wakati wa kazi. Alimwondolea kipokea sauti kimoja sikioni, akainama.

“Dada,” akasema, “nyumbani wamepiga simu. Mama hatunaye.”

Akauliza mama yupi.

“Mama yako.”

Kilichofuata hakikumbuki chote. Anakumbuka alishika nguzo ya kipaza sauti kwa mikono miwili kana kwamba sakafu imeinama. Anakumbuka kwenye skrini ndogo yule binti alikuwa anaupiga mlango, kwa sababu hakuna aliyeizima picha. Naye mwenyewe alikuwa anasema kitu, tena na tena, na hakuwa anamwambia yeyote.

Baadaye ilijulikana kwamba mama alitoka peke yake kwenye saa tatu, jirani akiwa ameingia ndani kuzima jiko. Alikuwa na futikamba shingoni. Alielekea barabara ya shule ambayo zamani alikuwa akiipelekea sare. Gari la mizigo lilikuwa linarudi nyuma, na dereva hakumwona. Hakufika hospitali. Kaka mtu alipiga simu ya dada yake, ikawa imezimwa, akapiga tena na tena, hadi mtu fulani akampa namba ya studio.

Walizika Ijumaa. Kaka mtu alisimama upande mmoja wa kaburi na yeye upande wa pili. Hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Baada ya siku nane alirudi kazini. Watu walishangaa, lakini nyumbani kulikuwa na kiti cha mama, na kazini hakikuwepo. Filamu ilikuwa imebakiza vipande vichache tu. Cha mwisho kilikuwa ndani ya helikopta: askari anamuuliza binti alikuwa na nani, naye anajibu, “Na mama.” Alikirekodi mara moja, hakuna aliyesema kirudiwe. Wakati wa kutoka alimuuliza fundi sauti kile kilio waliishia kutumia kipi, cha kwanza au cha pili. Fundi akasema Bosi alichagua mwenyewe, na akaendelea kutazama vitufe vyake.

Filamu ikatoka, ikapaa. Ile studio ya pili iliitoa siku tatu baadaye na vichekesho vyake vyote, watu wakaikwepa. Kwa vinyozi, kwenye vibanda vya chakula, kwenye simu za abiria, kote ilikuwa hiyo. Dada Redio hakuitazama. Alisikia tu kwamba watu wazima wanalia hadharani, na moyoni, pamoja na yote yaliyompata, aliona fahari kidogo. Aliwaambia, walimbishia, na imekuwa kama alivyosema.

Jumamosi moja alikwenda saluni kusuka. Televisheni ilikuwa juu ya kioo, na filamu ilikuwa imefika ghorofa ya kumi na saba. Msusi akaomba radhi, akasema mikono yake itapunguza kasi kidogo, maana sehemu hii hawezi kuisuka na kuiangalia kwa pamoja. Wanawake wanne waliokuwa wakisubiri wakanyamaza. Mama wa kwenye filamu akakosa jina la mwanawe. Mlango ukavutwa. Binti akaanza kuupiga.

Kisha saluni nzima ikasikia sauti ya mtu aliyekatwa kitu ndani. Haikupanda wala kushuka kwa mpangilio. Ilianza kama kikohozi, ikakosa pumzi, ikarudi kwa chini, na ndani yake kulikuwa na maneno.

“Si nilimwambia anisubiri. Nilimwambia saa nane. Mbona saa nane haijafika?”

Maneno hayo hayakuandikwa chini ya picha yoyote. Kwenye filamu yote hakuna saa nane.

Msusi alikuwa anajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mafuta. Mwanamke mmoja akasema hapo pa saa nane ndipo panapommaliza kila mara. Mwingine akasema ameambiwa ni fumbo, kwamba saa nane mama alikuwa achomwe sindano ya kumponya, na sehemu ya pili ya filamu itaeleza. Wa tatu akasema hapana, ukihesabu ngazi utaona. Wakabishana. Dada Redio akasimama, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, akajifunga kitambaa na kutoka.

Kaka yake alikuwa na karakana ya mabati nyuma ya soko, na filamu hakuzijali. Lakini wiki hiyohiyo mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kuungiwa mguu wa kitanda aliifungulia kwenye simu. Kaka mtu akaisikia sauti ya dada yake. Akasikia saa nane. Akazima mashine, akaipandisha kofia ya kuchomelea kutoka usoni, akamwomba mteja airudishe nyuma. Kisha akafunga karakana saa tano asubuhi, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Alimkuta dada yake anafua uani. Alisimama mbele yake bila kusema mpaka yeye akainua uso.

“Umemuuza mama,” akasema.

Dada yake alimweleza. Alimweleza kwamba hakujua, kwamba Bosi aliingia ghafla, kwamba mashine ilikuwa inazunguka. Kaka yake alisikiliza yote akitazama lile beseni la maji ya sabuni. Halafu akasema mtu aliyesoma vifo miaka kumi na miwili bila kulia hawezi kumwambia eti hakujua kipaza sauti kiko wazi. Akaingia ndani.

Jumatatu Dada Redio alipanda ngazi za studio. Bosi alimkaribisha kwa mikono miwili, akampa kiti chenye mgongo. Dada Redio alimwomba jambo moja tu: kile kilio kitolewe. Kiwekwe cha kwanza au cha pili, vyovyote, hata kiachwe kimya.

Bosi hakumkatalia haraka. Alisema anaelewa, na kwamba hata yeye alimpoteza mama, anajua. Akasema filamu imeshanakiliwa mpaka na watu asiowajua. Hata akiitoa kwake, za mtaani nani atazitoa? Na kwa nini, akauliza kwa upole, kwa nini atoe kitu ambacho kimewafikia watu namna ile? Wapo waliomwandikia kwamba walipoisikia walipiga simu kwa mama zao.

“Sikukupa,” akasema Dada Redio.

“Ulizigombea dakika kumi za sufuria ili watu walie,” Bosi akajibu. “Nikakubali. Wamelia.”

Hilo ndilo lililomuuma Dada Redio kuliko jingine lolote, na hata leo akilisimulia anasimama hapo. Alikuja na hasira yake yote, na mtu yule akamrudishia maneno yake mwenyewe, yakiwa safi, yamekunjwa vizuri. Alichukua mkoba wake akashuka, na kazi hiyo hakuirudia.

Miezi kadhaa ikapita kabla fundi sauti hajaja nyumbani. Naye alikuwa ameacha kazi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakataa chai, akakubali maji. Alisema amekuja kwa sababu kuna jambo linamnyima usingizi. Simu ya kaka haikuingia saa sita. Iliingia saa nne na nusu. Bosi aliipokea mbele yake, akasema ndiyo, ndiyo, nitamwambia. Kisha akamwambia fundi waache kwanza wamalize zile ghorofa, wamebakiza kidogo, mama mwenyewe ameshakufa, saa moja haimrudishi.

“Basi tukaendelea,” akasema fundi. “Mimi nikiwa najua. Wewe unacheza, unatoka jasho, mimi najua.”

Dada Redio akamuuliza kama Bosi alipanga kuingia pale kwenye ule mlango.

“Sijui,” fundi akasema. “Sitaki kumsingizia. Labda ndiyo ilikuwa mwisho wa kazi, akaona basi sasa amwambie. Ninachojua ni kwamba alipokuwa anaingia alinigeukia akaniambia nisizime.”

“Na wewe hukuzima.”

“Sikuzima.”

Alisubiri atukanwe. Hakutukanwa. Dada Redio alimsindikiza mpaka kwenye kona, kama mgeni yeyote, na wakati wa kuagana alimwambia asije tena. Kisha alirudi akakaa kwenye kiti cha mama, akafanya hesabu ya saa moja na nusu hiyo. Ghorofa ya kumi na tano, ya kumi na sita, ya kumi na saba. Alikuwa akimpa yule mama wa Kikorea maneno ya mama yake, akimfanya afyonye, akimfanya achekeshe, na mwenye maneno ameshalazwa barazani kwenye kituo cha polisi, amefunikwa turubai.

Alimweleza kaka yake. Alidhani itamsaidia. Kaka mtu aliinuka, akaenda kusimama mbele ya studio ile siku nzima, akiwa na nyundo, kisha akarudi nayo bila kuitumia. Alisema alipomwona Bosi anatoka, alimwona ni mtu mfupi, amebeba mfuko wa mboga, na alishindwa.

Lakini hakumsamehe dada yake. Waliendelea kukaa nyumba moja, wakiongea mambo ya funguo na maji. Alasiri moja Dada Redio alipita mlango wa chumba cha mama akasikia ugomvi wa masufuria. Kaka yake alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kitanda, simu mkononi. Mama wa kwenye filamu alikuwa anafyonya, anasema yeye si mkokoteni. Dada Redio akaingia akakaa kando yake. Hakumfukuza. Walitazama pamoja mpaka mlinzi alipopuliza filimbi, na hapo kaka yake akazima. Kumbe hakuwahi kuendelea mbele zaidi ya hapo. Alikuwa anaitazama hivyo kila wiki, dakika kumi tu, kisha anaanza upya.

“Umempatia kabisa,” akasema.

Kisha akaongeza, “Hainifanyi nikusamehe.”

“Najua,” akasema dada yake.

Bosi alipiga simu ilipotoka sehemu ya pili. Dada Redio hakupokea. Wakamweka mwanamke mwingine, na watazamaji wakalalamika kwamba sauti haina uhai. Wengine walilalamika kwamba mambo ya saa nane hayakuelezwa.

Siku hizi Dada Redio anafanya kazi kwenye kliniki ya macho. Anakaa nyuma ya dirisha dogo, na kazi yake ni kuita wagonjwa: namba kumi na saba, chumba cha pili; namba kumi na nane, chumba cha kwanza. Wapo wanaoinua kichwa wakamtazama, wakijaribu kukumbuka wamemsikia wapi. Wachache huuliza. Huwaambia wamemfananisha.

Msimamizi wa pale, kijana mwenye nia njema, alimwita wiki ya kwanza. Alimwambia sauti ni nzuri, inasikika vizuri, ila imepoa mno. Wagonjwa wana wasiwasi, wangependa kusikia mtu. Aweke hata moyo kidogo.

Dada Redio akamwambia kama anataka namba ziitwe, zitaitwa. Akarudi dirishani, akawasha kipaza sauti, akaita namba iliyofuata.